Buluu ya Suruali za Wahungaria

Jumamosi, 9 Septemba 2017
Nimekabidhiwa kadi tena, mara ya kumi na nne. Trevor Wragg, mwenyekiti wa klabu yetu ya kupaka rangi sanamu za askari, aliitoa mfukoni mwa shati kama mtu atoaye tiketi ya basi, akaiweka kando ya kikombe changu.
"Haya, mzee Gellért. Safari hii ni watu wa kwenu. Usituangushe."
Vita tutakavyovipanga mezani ni vya Aspern, mwaka 1809, jeshi la Austria na Wahungaria wake dhidi ya Napoleon, na vitaonyeshwa kwenye maonyesho ya Jumapili ya tarehe 3 Desemba. Wahungaria ni mia tatu themanini, kila askari mrefu kama pingili ya kidole gumba. Watu kumi na mmoja watawapaka rangi, kila mtu nyumbani kwake, na ndiyo maana kuna kadi. Mtu mmoja huchagua kampuni ya rangi na namba ya kopo, akaandika, na wengine wote hununua kopo hilo hilo. Bila hivyo jeshi moja lingeonekana kama majeshi kumi na moja. Kadi ikishasomwa haijadiliwi. Tangu nijiunge na klabu mwaka 1981 sijaona sheria hiyo ikivunjwa, ingawa nimeona nyingine zote zikivunjwa, hata ile ya kutoleta bia ukumbini mwa kanisa.
Makoti meupe si shida. Shida ni suruali za kubana, buluu ya samawati. Miaka thelathini nilitumia rangi ya Penhallow. Mwenye kampuni alistaafu mwaka juzi, akafunga, na kopo langu la mwisho limekuwa jiwe.

Jumanne, 12 Septemba
Nimejaribu Tordesa ya Hispania, ile ya chupa za kudondosha. Namba tatu tofauti. Zote za kijivu, kama maji ya kuoshea sufuria.

Jumatano, 13 Septemba
Brandreth 44. Ina ukijani. Brandreth 45, ukijani pia. Nimebadilisha balbu ya taa ya mezani.

Ijumaa, 15 Septemba
Hakuna inayofaa. Nimewapaka askari tisa rangi tisa, nikawapanga kwenye kizingiti cha dirisha. Nimewaangalia asubuhi, mchana na jioni, na kila saa wanazidi kufifia.
Nimefungua kitabu changu kikubwa cha sare. Picha imepauka, nadhani kwa jua. Nimewatoa kabatini Wahungaria niliowapaka mwaka 1994, na vanishi imegeuka njano vibaya mno. Basi siwezi kuamini kitabu wala kazi yangu mwenyewe.
Kinachobaki ni kichwa changu. Nilikuwa na miaka minane, mjini Győr, kwetu Hungaria, babu alipofungua sanduku lake na kunionyesha suruali aliyovaa jeshini kabla ya vita vya 1914. Katika familia yetu hapakuwa na kitu cha rangi kali kiasi kile. Nguo za mama zilikuwa za kahawia, kuta zilikuwa za moshi, na pale chini ya magazeti palikuwa na buluu ile. Ninaiona sasa hivi nikiandika. Nitachagua kwa hiyo.

Jumamosi, 23 Septemba
Brandreth 47. Nilipolifungua kopo dukani, moyo ulitulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Ndiyo yenyewe.
Nimeisoma kadi mbele ya wote.
"Arobaini na saba?" Trevor akauliza.
"Arobaini na saba."
"Si arobaini na nne?"
"Trevor, mimi nasoma kadi au nauza samaki?"
Walicheka. Beryl Tansley, aliyekuwa mwalimu na ndiye apakaye farasi vizuri kuliko sote, hakucheka. Alikuwa akiangalia chai yake.
"Basi kadi ni kadi," Trevor akasema, na kila mtu akaandika.

Jumatano, 27 Septemba
Mvua. Askari kumi na wawili.

Jumapili, 1 Oktoba
Mvua. Askari tisa. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 7 Oktoba
Nilifika ukumbini nimechelewa, na nilipofungua mlango walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja kama kuku. Wakaacha. Trevor akasema, "Aa, mzee, tulikuwa tunasema habari za mpira." Beryl hajui hata mpira una umbo gani.
Wanataka kuninyang'anya kadi. Nina miaka sabini na saba, na Trevor ana sitini na tisa. Huenda amechoka kungoja. Nimerudi nyumbani nikakaa na koti langu jikoni mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 10 Oktoba
Taa za magari zimeota manyoya. Nadhani ni ukungu.

Jumamosi, 14 Oktoba
Sikwenda klabuni. Nilisema nina mafua.
Ukweli ni huu, na nauandika mara moja tu. Alhamisi nilikuwa narudi kwa gari kutoka kwa muuza nyama. Mwanamke alikuwa anavuka penye mistari myeupe, amevaa koti la kijivu, na mimi sikumwona hata kidogo. Nilisikia kofi la mkono wake kwenye boneti. Hakuumia. Alinitukana matusi ya Nottingham ambayo sijayasikia tangu kiwanda chetu cha soksi kifungwe, na alikuwa na haki. Nililiegesha gari palepale na kurudi nyumbani kwa miguu, huku nimeshika ukuta wa nyumba za watu.
Sababu ni mvua. Lilikuwa koti la kijivu, kwenye mvua.

Jumatatu, 16 Oktoba
Askari sita. Mistari ya mikanda imepotoka. Nimeifuta, nimeipaka upya, imepotoka.

Jumamosi, 21 Oktoba
Leo kila mtu alileta askari wake, tukawapanga mezani kwa mara ya kwanza. Nilikwenda shingo upande. Lakini Mungu wangu, walikuwa wazuri! Safu kwa safu, mikono kumi na mmoja na rangi moja, suruali ya babu mia tatu na kitu. Nikasema kwa sauti: "Hiyo ndiyo Hungaria, ndugu zangu."
Trevor alikohoa. Kijana wa benki, Alastair, alitoka nje kuvuta sigara, naye havuti.
Nilipokuwa navaa koti kule barazani nikamsikia Trevor: "Usimwambie leo. Umeona alivyofurahi?"
Na Beryl: "Basi lini? Akishamuua mtu?"
Sijui amejua vipi habari za yule mwanamke. Mji huu ni mdogo. Nimekuja nyumbani nikafunga mlango kwa funguo zote mbili, kama kwamba wangenifuata.

Jumapili, 22 Oktoba
Beryl amekuja saa nane mchana na mkate wa tangawizi. Nilitaka kumwambia ninalala. Alikwisha kuniona dirishani.
Hakuketi. Alisimama katikati ya jikoni na kuufungua mkoba wake, akatoa askari mmoja wa kwake, akamweka juu ya mkono wa sweta aliyovaa.
"Gellért, sweta yangu ni rangi gani?"
"Kwani tunacheza?"
"Nijibu tu."
"Samawati. Inalingana kabisa na suruali yake. Umeitafuta makusudi?"
"Inalingana, naam," akasema. "Hii sweta niliivaa kwenye mazishi ya dada yangu kwa sababu ndiyo pekee aliyoipenda. Ni zambarau, Gellért. Zambarau kama ya askofu."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Na hii?" Akanyanyua sahani yangu kutoka kwenye rafu.
"Ya manjano kidogo. Ya malai."
"Nyeupe."
Akanyanyua taulo, kisha kalenda, kisha kikombe. Alinionyesha vitu vya jikoni mwangu mwenyewe, ninavyovishika kila siku, kimoja baada ya kingine, na nilikosea karibu vyote. Alikuwa akisema polepole kwa sauti ya darasani, na nilimchukia.
"Mbona hamkusema siku ya kadi?"
"Kadi haijadiliwi."
"Beryl! Watu kumi mmekaa mkapaka suruali za zambarau, kila jioni, mwezi mzima?"
"Alastair alitafuta kwenye vitabu vitatu. Vyote vilisema samawati. Trevor akasema, mzee ni Mhungaria, babu yake alivaa suruali hizo, huenda anajua jambo ambalo vitabu havijui." Hapo ndipo alipoketi. "Tulitaka iwe hivyo, unajua. Hatukutaka lile jambo jingine."
Wenye macho mawili, moja likiharibika, hulifumba, wakatazama kwa jingine, wakajua. Mimi tangu Novemba 1956 nina la kulia tu. Sina jingine la kulishtaki.
Mkate wa tangawizi bado uko mezani. Siwezi kuukata.

Jumanne, 24 Oktoba
Binti wa duka la miwani alinitazama kwa mashine yake dakika tano. "Mtoto wa jicho," akasema. "Mkubwa. Umekaa naye miaka. Umekuwa ukitazama kupitia kioo cha kahawia, taratibu kiasi kwamba hukujua." Akaniambia nisiendeshe gari. Akaniambia upasuaji ni wa dakika ishirini, watu wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo, mama yake mwenyewe alirudi akapika.
"Mama yako ana macho mangapi?" nikamwuliza.
Akatazama karatasi yake.

Ijumaa, 27 Oktoba
Daktari wa hospitali anasema, katika watu elfu moja, mmoja au wawili hupoteza uwezo wa kuona wa jicho lile kabisa. Kwa mtu wa kawaida, anasema, hiyo ni hatari ndogo. Kwangu hakumaliza sentensi. Akasema nisipofanya nitapofuka pia, ila polepole, na kadiri nitakavyongoja mtoto wa jicho atazidi kuwa mgumu na kazi itazidi kuwa ya hatari. Amenipa wiki mbili niamue.
Nimeamua. Sitafanya.

Jumapili, 29 Oktoba
Wamerudisha saa nyuma, kama kila mwaka baridi ikikaribia. Giza linaingia saa kumi na moja jioni.
Nataka kuandika jambo hili ili nisiwe mwoga bila sababu. Kioo cha dirisha kiliponipasukia usoni huko Győr, siku za maasi dhidi ya Warusi, rafiki zangu walinivusha mpaka wa Austria juu ya mkokoteni wa viazi. Hospitalini walinifunga macho yote mawili, lile bovu na lililopona, ili lililopona lisichezecheze. Siku ishirini na tatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hakuna aliyejua Kihungaria isipokuwa mtawa mmoja aliyekuwa akija kila Alhamisi. Watu walikuja wakanishika mkono, wakanigeuza, wakanilisha supu, na sikujua ni nani, ni saa ngapi, wala kama chini ya kitambaa kile nilikuwa bado na jicho. Nilijifunza kunyamaza ili nisikie nyayo. Hata leo mtu akitembea nyuma yangu dukani, nasimama.
Nitapofuka polepole. Polepole nitalizoea giza.

Alhamisi, 2 Novemba
Binti yangu Ildikó amepiga simu kutoka Leeds. Beryl amempigia. Watu hawana haya.
"Baba, unaogopa nini hasa?"
"Siogopi."
"Basi fanya."
"Naogopa."
"Haya, sasa tunazungumza."
Nikakata simu. Miaka hamsini na miwili ya umri wake, sijawahi kumkatia simu.

Jumamosi, 4 Novemba
Sikwenda klabuni.

Jumatano, 8 Novemba
Trevor amekuja, hakubisha hodi. Alikuwa amebeba chipsi na njegere za kusaga, akazigawa kwenye sahani zangu bila kuuliza.
"Nasikia unakufa," akasema.
"Nani kasema?"
"Hakuna. Lakini umejifungia kama maiti, nikadhani nije mapema nichague brashi zako kabla Alastair hajafika."
Nikamwambia aondoke na zambarau zake. Nikamwambia aliniacha nijiaibishe mbele ya watu wote kwa mwezi mzima, na kwamba mtu wa kweli angesema siku ile ile. Nilisema mengi. Alikula chipsi. Alipomaliza, akapangusa mdomo.
"Ni kweli. Nilikuwa mwoga. Ningesema, ungeacha kuja. Na ukiacha kuja wewe, wale wengine nitazungumza nao nini? Bei ya dizeli?" Akaisukuma sahani. "Nilikaa shimoni, mgodi wa makaa ya mawe, miaka kumi na tisa, mzee. Kila asubuhi kwenye lifti ile tumbo lilikuwa linanigeuka. Kila asubuhi. Halikuacha hata siku moja."
"Ukafanyaje?"
"Nilishuka. Kwani ningefanyaje? Nilikuwa na watoto watatu." Akasimama. "Sikuja kukushauri. Nimekuja kusema kwamba ukienda, mimi ndiye nitakupeleka. Naendesha vibaya lakini naona."
Nilidhani anataka kadi yangu. Mwezi mzima nilimdhania hivyo.

Ijumaa, 10 Novemba
Leo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu. Nilitaka kusoma nilichoandika tarehe 29, ili nijikumbushe sababu zangu. Niliandika kwa penseli. Nililisogeza daftari dirishani, nikawasha taa, nikatafuta kioo cha kukuzia. Ninauona ukurasa, ninaona kuwa umejaa. Sikuweza kusoma hata mstari mmoja.
Nimepiga simu hospitalini. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Kuna mgonjwa amejitoa. Jumanne, tarehe 21.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimeosha mapazia. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 16 Novemba
Nimehesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni: kumi na moja. Hadi jiko: kumi na nane. Nimepanga chai kushoto na sukari kulia. Nimefanya haya yote nimefumba jicho, na nimegonga goti.

Jumapili, 19 Novemba
Nimewatoa Wahungaria wangu, wale wa zambarau, nikawatazama muda mrefu. Kwangu bado ni samawati. Nimewaambia kwaheri, jambo la kijinga kabisa.

Jumanne, 21 Novemba
Mimi Ildikó ninaandika. Baba anasema, mimi naandika, na amenionya nisiongeze chochote.
Trevor aliendesha kwa maili thelathini kwa saa na kila gari lilitupigia honi. Walinichoma sindano ya ganzi pembeni mwa jicho. Wakati wote nilisikia vyombo na muuguzi mmoja aliyeshika mkono wangu. Sikumwuliza jina. Nilihesabu kwa Kihungaria, nikafika elfu moja na mia mbili.
Walipomaliza niliuliza, "Mbona sioni?" Wakasema ganzi imelilaza jicho lote, litaamka jioni, ni kawaida. Wameweka kifuniko cha plastiki juu yake, cheupe, cha kuona kupitia, wanasema. Mimi sioni kupitia kitu. Sasa ni saa tisa. Ni giza tupu. Ildikó amekaa hapa, ameshika mkono wangu, na sijui kama analia kwa sababu ananyamaza vizuri mno. Ananiambia niache kusema hivyo.
Saa kumi. Giza.
Saa kumi na moja. Nimeuliza kama nje kumeshaingia giza, amesema ndiyo. Basi siwezi hata kujua kama ni mimi au ni nje. Nimemwambia awashe taa zote za nyumba. Amewasha.
Saa kumi na moja na nusu. Baba anasema kuna kitu upande wa juu, kama maziwa. Anasema nisiandike, huenda ni mawazo tu. Ninaandika.
Saa kumi na mbili na dakika kumi. Ameniuliza kwa nini nimevaa viatu vyekundu.

Jumatano, 22 Novemba
Ninaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama mtoto.
Sahani ni nyeupe. Zote. Mikono yangu ni mikono ya mzee sana, nani angenijulisha? Dirishani kuna anga, buluu kali mno, na nilipoitazama niliogopa, nikarudi nyuma hadi kwenye jiko. Nilidhani kuna hitilafu. Ildikó akasema, "Hapana, baba, leo ni siku ya kawaida, hata ina mawingu."

Ijumaa, 24 Novemba
Nimewafungua Wahungaria.
Siwezi kueleza. Ni zambarau kuliko alivyosema Beryl. Wanaonekana kama wachekeshaji wa sarakasi. Nilikaa nao kwenye sakafu nikacheka mpaka Ildikó akaja mbio, akaniambia nisilikamue jicho. Kisha nikafumba jicho nikaitafuta suruali ya babu, ndani ya sanduku, chini ya magazeti, ili nijue angalau ilikuwaje kweli.
Sikuipata. Sanduku lipo, magazeti yapo, harufu ya nondo ipo. Mahali pa suruali kila nikitazama pana Brandreth 47. Nimejaribu siku nzima.

Jumamosi, 25 Novemba
Klabuni. Nimewaomba radhi mmoja mmoja. Alastair alisema, "Usijali, mzee, mke wangu anazipenda." Zimebaki siku nane, hakuna wa kupaka upya suruali mia tatu themanini. Wamekubaliana ziende kama zilivyo.
Nilitaka kurudisha kadi. Trevor akajifanya hasikii.

Jumapili, 3 Desemba
Ukumbi wa maonyesho una meza zaidi ya sitini. Nilijificha nyuma ya thermosi ya chai.
Kabla ya saa sita akaja bwana mmoja mrefu, koti la mvua lenye beji ya klabu nyingine, daftari mkononi. Akainama juu ya Wahungaria mpaka pua ikakaribia kugusa bayoneti.
"Suruali hizi," akasema. "Vitabu vyote vinasema samawati."
Watu wangu kumi wakaanza kutazama viatu vyao. Ndipo Trevor, Mungu amsamehe, akaninyooshea kidole. "Aliyechagua ni yule. Mhungaria mwenyewe."
Bwana yule akageuka, uso umebadilika, umejaa heshima. "Kumbe! Basi kuna jambo mnalijua kwenu. Ni rangi ya kampuni gani, tafadhali?" Kalamu tayari iko juu ya karatasi.
Ningetaja tu namba, na baada ya mwaka zambarau yangu ingekuwa kwenye meza zake, na kwenye meza za rafiki zake.
"Usiandike," nikasema. "Nilikuwa na mtoto wa jicho, na jicho nililonalo ni hili moja. Nilichagua kwa kukumbuka. Hawa walikuwa wanaona kabisa, wakapaka hivyo hivyo kwa sababu yangu."
Akawatazama. "Wote?"
"Mimi nilimaliza makopo mawili," Trevor akasema.
Bwana akakuna kidevu. Hakucheka, na kwa hilo nitamkumbuka. "Basi samawati sahihi ni ipi?"
Nilifungua mdomo kumjibu, kama nilivyowajibu watu kwa miaka thelathini na sita. Kisha nikaufunga. Nikamwuliza kama ana kitabu mkobani, akasema anacho. Nikavaa miwani mpya ya kusomea, nikamwita Beryl aje na macho yake, tukainama sote watatu juu ya picha.